Miaka Miwili ya Mtoto wa Watu

Ukikaa Morogoro na ukaipenda kandanda, utasimuliwa habari za mwaka 1975 hata usipouliza. Ndio mwaka ambao timu ya Mseto ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ubingwa ambao hadi hapo ulikuwa haujatoka Dar es Salaam. Mimi nilihamishiwa mji huu mwaka 1986 kufundisha shule ya msingi, nikiwa kijana mwenye sanduku moja na godoro la kukunja. Mwaka huohuo Tukuyu Stars ya Mbeya ilichukua kombe, na wazee wa kijiweni hapa wakasema kwa kiburi cha upole, "Hao wanafuata njia tuliyoifyeka sisi."

Wakati ule mpira wa mji huu ulishikwa na kazi. Reli walikuwa na timu yao, ile iliyoitwa Kiboko ya Vigogo, na viwanda navyo vilikuwa na timu zao. Kijana aliyejua kucheza alipata ajira, na mwenye ajira alipata jezi, nauli na chai ya saa nne. Watoto tulikuwa hatuwawazii. Walicheza chandimu uchochoroni, mpira wa makaratasi na nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani, nasi tuliamini kwamba kama mbuyu uotavyo bila kumwagiliwa, ndivyo na mchezaji atakavyoota.

Kisha viwanda vikaanza kusinyaa. Kile cha viatu, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia ili kiuze viatu Ulaya, hakikuwahi kufanya kazi hata kwa sehemu ndogo ya uwezo wake, na kilifungwa mwaka 1990. Nakitaja kwa sababu miaka mitatu baadaye nilipoanza kukusanya watoto kwenye uwanja wa shule, katika mji uliojengewa kiwanda cha viatu, nilikuwa na watoto thelathini na saba na jozi mbili za njumu. Mtoto wa kulia alivaa cha kulia, wa kushoto cha kushoto. Baba zao wengi walikuwa wamepunguzwa kazini. Mama zao ndio walioshika nyumba kwa vitumbua, mihogo ya kukaanga na mboga zilizoteremshwa kutoka milima ya Uluguru.

Sikuanzisha timu kwa sababu ya kipaji cha mtu. Nilianzisha kwa sababu watoto walikuwa wanashinda stendi.

Nilidhani kazi itakuwa kufundisha mpira. Kumbe kazi ilikuwa kupiga hodi. Miaka ile neno mpira katika nyumba nyingi lilitamkwa pamoja na uhuni na bangi. Mama mmoja aliniuliza, "Mwalimu, mchana unamfundisha hesabu, jioni unamfundisha kuwa mvuta bangi?" Mwingine hakuwa na neno baya juu ya mpira, ila alitaka kujua nani atamchotea maji. Baba mmoja, muumini safi, alisema mwanawe hawezi kukosa madrasa kwa ajili ya kukimbiza ngozi. Wote walikuwa na haki. Nikajifunza kupanga mazoezi kwa saa za nyumba na si kwa saa zangu: siku za madrasa tulianza saa kumi na nusu, siku za zamu ya maji tulianza saa kumi na moja, na siku zote watoto walirudi makundi kwa makundi kabla ya magharibi, wakubwa wakiwafikisha wadogo mlangoni. Wakati wa kilimo hatukufanya mazoezi kabisa kwa wale ambao nyumba zao zilihamia mashambani mlimani.

Kosa nililolifanya mwaka mzima lilikuwa kuzungumza na baba. Mimi si Mluguru. Kwetu ukitaka mtoto unamwomba baba yake. Baba ananiitikia vizuri, ananikaribisha kahawa, na mtoto haji. Mpaka mzee mmoja jirani akaniambia huku anacheka, "Mwalimu, hapa mtoto ni wa ukoo wa mama. Kamtafute mjomba." Nikaanza kutafuta wajomba. Mjomba mmoja alinitembeza hadi kijiji cha mlimani, safari ya saa tatu, ili nikamwambie kwa mdomo wangu kwamba mpwa wake hatavunjwa mguu. Nilimwambia siwezi kuahidi hilo, lakini nitaahidi kwamba akivunjika nitambeba mwenyewe hadi hospitali. Alicheka, akanipa mkungu wa ndizi na ruhusa. Kufikia mwaka 1996 nilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Akina mama wa vitumbua walianzisha upatu wa kununua mipira, na jezi zetu, fulana za njano zilizoandikwa namba kwa rangi ya mafuta, zilifuliwa kwa zamu. Jezi ikilala nyumbani kwako unakuwa umeingia timuni, upende usipende. Sijui njia bora ya kuandikisha familia kuliko ndoo ya nguo chafu.

Hapa naomba msomaji anivumilie nirudi nyuma kidogo, kwa sababu jambo ninalotaka kulisema lina mizizi.

Nchi yetu haikukosa fikra za kulea wachezaji. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, yalikuwa ndiyo kitalu cha nchi nzima. Klabu nazo zilijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Yanga ilikuwa na kocha kutoka Romania, Victor Stanculescu, ambaye wazee wa mpira bado wanamwita Profesa, na sifa yake kubwa si vikombe bali ni kikosi cha vijana alichokilea. Kisha ugomvi wa wanachama ukaipasua Yanga, na mwaka 1976 ikazaliwa Pan African, klabu iliyokuja kuwa bingwa mwaka 1982. Taifa Stars ilipokwenda Lagos mwaka 1980 katika fainali za Mataifa ya Afrika, baada ya sare ya 1-1 na Zambia kule Ndola iliyotokana na bao la Peter Tino, nahodha alikuwa Leodegar Tenga, mchezaji wa Pan African, na golini alikuwapo Juma Pondamali wa klabu hiyohiyo. Tulifungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Kisha tukangoja miaka thelathini na tisa kurudi.

Katika hayo yote, umri wa mchezaji haukuwa na maana kubwa. Ulipima mtoto kwa macho. Sisi tulioanza shule zamani tunakumbuka kipimo cha darasa la kwanza: unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ukigusa sikio la kushoto umefikisha umri, usipogusa rudi nyumbani ukale ugali. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilikuwapo tangu mwaka 1920, lakini cheti cha kuzaliwa kilikuwa kitu cha watu wa mjini wenye safari. Mtoto wa kawaida alikuwa na kadi ya kliniki kama haijaliwa na panya, na cheti cha ubatizo kama wazazi wake ni Wakristo. Waliobaki walizaliwa mwaka wa njaa, au mwaka wa vita vya Kagera, au siku ile mto ulipofurika.

Ulimwengu wa mpira ndio uliotudai karatasi. FIFA ilianza mashindano ya dunia ya chini ya miaka 16 nchini China mwaka 1985, yakageuzwa kuwa ya chini ya miaka 17 kuanzia 1991, na CAF ikaanza fainali zake za umri huo mwaka 1995 nchini Mali. Ghafla umri ukawa na bei. Na kitu chenye bei, katika nchi ambayo hakuna anayeweza kukihakiki, hupata mafundi wake.

Mimi nilikuwa mmoja wa mafundi hao.

Nilikuwa na mtoto ambaye hapa nitamwita Winga, kwa kuwa ndiko alikocheza. Alikuja akiwa na miaka tisa, mwembamba, miguu imepinda kidogo, na alikuwa na tabia ya kuusimamisha mpira mbele ya beki kana kwamba anamsalimia kwanza. Mama yake aliuza maandazi karibu na shule. Alikuwa Mkatoliki wa kufunga na kusali, mwenye sauti ya chini, na jezi zilipolala kwake zilirudi zimepigwa pasi ya mkaa. Alinieleza siku moja jinsi mwanawe alivyozaliwa. Alhamisi tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, mkoani kwetu hapahapa. Nchi ikalia. Naye alikuwa na mimba iliyokwisha kukomaa, akalia na wengine, na siku ya tatu, Jumapili ya Matawi, mtoto akaja. "Hata nikizeeka nikasahau jina langu," aliniambia, "siku hiyo siisahau."

Mwaka 1999 yakatangazwa mashindano ya mkoa ya vijana wasiozidi miaka 14. Winga alikuwa ametimiza kumi na mitano. Timu nyingine zote nilizoziona zikijiandikisha zilikuwa na watoto wenye ndevu za kwanza. Nilijiambia maneno ambayo kila mdanganyifu hujiambia: kwamba sidanganyi, nasawazisha. Fomu ilitaka cheti cha kuzaliwa au hati ya kiapo ya mzazi. Nikaenda kwa mama yake jioni, akiwa anakanda unga.

Nilimweleza. Alinyamaza muda mrefu, mikono ikiwa bado kwenye beseni. Kisha akauliza, "Mwalimu, unataka niape kwa Mungu kwamba mwanangu hakuzaliwa siku aliyozaliwa?"

Nikamjibu, "Ni karatasi tu, Mama. Ni miaka miwili."

Alikuja kesho yake. Tulikwenda kwa kamishna wa viapo, akashika Biblia kwa mkono uliokuwa na unga kwenye kucha, akaapa kwamba mwanawe alizaliwa tarehe 15 Aprili 1986. Siku na mwezi tuliviacha vilevile. Nadhani nilidhani hiyo ni heshima. Hakuapa kwa kuwa aliusadiki uongo. Aliapa kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia, mimi niliyepiga hodi kwake miaka sita na kumwambia kwamba mwanawe yuko mikononi mwa mtu mwaminifu.

Tulichukua kombe. Winga alifunga mabao saba, na kila bao watu waliingia uwanjani. Nikabebwa juu. Akina mama walipika pilau.

Lakini kuna jambo sikuliona wakati ule, nami nimelifikiria kuliko lile kombe. Kwa kumchezesha Winga na wenzake wawili niliowapunguzia umri, niliwaweka benchi watoto watatu waliokuwa na umri halali. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mfupi, mwenye jicho la pasi ambalo sikuwahi kuliona tena. Alikaa benchi mashindano yote, na baada ya likizo hakurudi. Mama yake alinirudishia jezi aliyokuwa zamu ya kuifua, imekunjwa vizuri, hakusema kitu. Ndivyo udanganyifu wa umri unavyofanya kazi, na ndivyo unavyoharibu malezi ya wachezaji hata pale ambapo hakuna anayekamatwa. Mtoto mkubwa anashinda kwa mbio na kifua, hivyo hajifunzi kutumia akili, maana hana haja nayo. Mtoto mdogo ambaye angelazimika kutumia akili hapati mpira. Baada ya miaka mitano wote wamelingana urefu, na umebaki na watu wenye vifua tu. Kocha anajiuliza vipaji vimekwenda wapi, kumbe alivikalisha benchi mwenyewe.

Wala haihitaji udanganyifu. Hata kwa karatasi halali, mtoto wa Januari na wa Desemba wa mwaka mmoja wameachana karibu miezi kumi na miwili, na kwa watoto huo ni urefu wa kichwa. Nilipoanza kuangalia vizuri, miaka mingi baadaye, niligundua kwamba nusu ya watoto niliowaita wavivu walikuwa tu wamezaliwa baadaye. Tangu hapo kwa walio chini ya miaka kumi na miwili naweka wanne kwa wanne kwenye uwanja mdogo, mawe mawili ndiyo goli, hakuna kipa, na ninawapanga kwa kimo wala si kwa umri. Kila mtoto anagusa mpira mara nyingi hata asiyetaka. Zamani nilikuwa naweka arobaini kwenye mpira mmoja, nikipuliza filimbi kama polisi wa usalama barabarani, na nikiita hayo mazoezi.

Winga alichukuliwa na klabu moja ya Dar es Salaam mwaka 2001, kwenye kikosi cha vijana, yosso kama tulivyozoea kusema. Huko wakampunguzia miaka mingine miwili. Pasi yake ya kusafiria iliandikwa 1988. Alinieleza kwa simu ya kibanda, akicheka, "Mwalimu, nazidi kuwa mtoto." Nami nikacheka. Mzaha wenyewe tulikuwa tumeuanzisha mimi na yeye.

Mwisho wa mwaka 2004 Tenga yule wa Lagos alichaguliwa kuongoza shirikisho la soka, lililokuwa limeacha jina la FAT na kuitwa TFF. Nchi ilikuwa na furaha nyingine pia: Serengeti Boys, timu yetu ya vijana chini ya miaka 17, ilikuwa imefuzu fainali za Afrika zilizopangwa kufanyika Gambia Mei 2005. Hatukwenda. CAF ilituondoa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa nasahihisha madaftari, na naapa, kama bado nina haki ya kutumia neno hilo, niliona aibu kama aliyeitwa jina lake. Watu walimlaumu mchezaji, wakawalaumu viongozi. Mimi nilijua kwamba mchezaji wa namna hiyo hazaliwi uwanja wa taifa. Anaanza kwenye uwanja wa shule, kwa mwalimu kama mimi, kwa mama mwenye unga mikononi.

Baada ya hapo klabu nyingi zilishikwa na hofu na kuanza kuuliza karatasi. Winga alikuwa amevunjika goti kidogo msimu ule, na mchezaji mwenye goti bovu na tarehe mbili za kuzaliwa hana mtetezi. Alirudi Morogoro mwaka 2006. Akajaribu kuomba nafasi jeshini. Ubatizo ulisema 1984, kiapo 1986, pasi 1988. Ofisa akampangia zile karatasi tatu mezani, kama mtu apangavyo karata, akamwuliza, "Wewe ni nani kati ya hawa?" Winga mwenyewe ndiye aliyenisimulia, bila hasira, na ndiyo maana iliniuma. Tangu hapo alishika baiskeli za kutengeneza, kisha bodaboda.

Mama yake aliendelea kunisalimia. Lakini hakuniita tena Mwalimu. Aliniita Mzee, nami nilikuwa na miaka arobaini na tatu.

Yapo mambo mengine ya historia hii ambayo nayapitia haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa muda, na ingawa yalirudishwa baadaye, kitalu kikishakauka msimu mmoja hakichipui siku mvua inaponyesha. Mwaka 2009, kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 17 nchini Nigeria, FIFA ilianza kupima wachezaji kwa mashine ya MRI kwenye kifundo cha mkono. Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Mfupa wa mkono wa mtoto una gegedu karibu na kiganja, hapo ndipo unaporefukia. Kijana akikomaa gegedu hilo hugeuka mfupa na alama yake hutoweka, na ni nadra sana litoweke kabisa kabla ya miaka 17. Mashine haisomi karatasi wala kiapo. Nilipoelezwa habari hiyo nilikumbuka kile kipimo chetu cha kugusa sikio. Tulikuwa tumezunguka karne nzima tukarudi kwenye mkono wa mtoto.

Mwaka 2017 mambo yaligeuka kwa namna ambayo mtunga hadithi angeogopa kuiandika. Mwaka uliotangulia Serengeti Boys waliifunga Kongo Brazzaville 3-2 hapa nyumbani, wakafungwa 1-0 ugenini, wakatolewa kwa bao la ugenini. Tukalalamika kwamba wapinzani wana mchezaji aliyezidi umri. CAF ikamwita akapimwe mkono, hakutokea, Kongo ikaondolewa, tukaingia sisi. Tulioondolewa kwa kosa lile sasa tulipandishwa nalo. Kule Gabon vijana walitoka sare na Mali, wakawafunga Angola 2-1, wakafungwa na Niger 1-0, na wangepata hata sare mchezo huo wa mwisho wangekwenda kombe la dunia. Watu wengi wa mpira niliokaa nao walihuzunika. Mimi nilifurahi kupita kiasi, hata mke wangu akaniuliza kama nimesikia matokeo vizuri. Nilikuwa nimesikia. Nilikuwa nimeona watoto wafupi wakicheza kwa akili. Miaka miwili baadaye fainali zilifanyika Dar es Salaam, tukafungwa michezo yote mitatu, 5-4 na Nigeria, 3-0 na Uganda, 4-2 na Angola, na Guinea iliyofika fainali ikapokonywa nafasi ya kombe la dunia kwa tarehe za kuzaliwa zisizolingana. Tatizo si letu peke yetu. Nasema hivyo kwa kutoa taarifa, si kwa kujifariji.

Mwaka huohuo wa 2019 serikali ilitangaza kwamba kila laini ya simu iandikishwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Nchi nzima ikapanga foleni. Winga alikuja kwangu jioni, akaegesha pikipiki chini ya mwembe. Bila laini hapati abiria wala hapokei pesa, na bila cheti cha kuzaliwa kinacholingana na karatasi nyingine kitambulisho kimekwama. Alitaka kuandikishwa upya kwa tarehe ya kweli. Alihitaji watu wa kuthibitisha.

"Mama atakuja," alisema. "Nimemwambia na wewe utakuja."

Tulikutana ofisi ya mkuu wa wilaya saa mbili asubuhi. Mama yake alikuwa amevaa kitenge cha kanisani, ameshika mfuko wa nailoni wenye cheti cha ubatizo kilichokatika kwenye mikunjo. Niliketi benchi lilelile, tukiwa tumeachana nafasi ya mtu mmoja. Ilipofika zamu yetu karani, binti mdogo ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, alisoma ile hati ya kiapo ya 1999, akainua macho.

"Mama, hapa uliapa 1986. Sasa unasema 1984. Ipi kweli?"

Mama hakujibu. Alinitazama.

Nikasimama. Nilisema kwamba 1984 ndiyo kweli, kwamba uongo ule ulikuwa wangu, kwamba nilimpeleka mama huyu kuapa akiwa hataki, kwa ajili ya kombe. Foleni nyuma yetu ilinyamaza. Binti aliniuliza jina na kazi. Nikasema mwalimu mstaafu. Akaandika. Kisha akamgeukia mama, akamwuliza kama ana hakika na tarehe.

"Siku ya tatu baada ya ajali ya Dakawa," alisema. "Jumapili ya Matawi."

Binti hakujua ajali ya Dakawa ni nini. Alifungua kalenda kwenye simu yake, akatafuta Aprili 1984, akakuta kweli tarehe 15 ni Jumapili, akagonga muhuri.

Tulipotoka nje jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Winga alikwenda kuwasha pikipiki. Mama alikunja karatasi zake polepole, akazirudisha kwenye mfuko, akasema bila kunitazama, "Mjukuu wangu wa kiume ana miaka saba. Mazoezi yako siku hizi ni saa ngapi?"

"Saa kumi, Mama."

"Saa kumi," alirudia. "Haya, Mwalimu."

Jumatatu iliyofuata walifika saa tisa na nusu. Alikuwa amemshika mtoto mkono, na mkono mwingine ulikuwa na kadi ya kliniki.